Bunduki Iliyobaki Ukutani

Nyamasaria, Kisumu
Jumamosi mchana, 1977

Mama,

Nimekuita hivyo tangu ulipozaliwa, kwa kuwa jina lako, Anyango, ni la mama yangu, na siwezi kuanza leo kukuita "Mpendwa binti" kana kwamba naandikia ofisi. Wewe na mama yako mko sokoni Kibuye mnatafuta sanduku. Najua hamtarudi upesi, maana mama yako hanunui kitu mpaka awe amemchosha kila mwuzaji, kisha anarudi kwa yule aliyeanza naye. Kwa hiyo nina nyumba peke yangu, nina kalamu, na nina mchana mzima. Kesho jioni treni itakuchukua.

Naandika Kiswahili. Mama yako husoma Kijaluo tu, na humu kuna jambo ambalo nataka ulisome wewe kwanza. Ukitaka kumsomea baadaye, msomee. Tena Kijaluo changu ni cha mizaha. Nikianza kwa Kijaluo nitakuchekesha kurasa tatu, na lile jambo litapita pembeni kama lilivyopita miaka hii kumi na mmoja.

Habari za blanketi, na mafuta ya kupaka, na wenzako wa chuoni watakaotaka kuazima sabuni, hizo nimemwachia mama yako. Mimi nataka kukuambia habari za bunduki.

Tangu jana umeiona ile misumari mitatu ya sebuleni, na miwili haina kitu. Hatukuibiwa. Tangu serikali ipige marufuku uwindaji mwaka huu, mambo ya leseni yamekuwa magumu. Nilipokwenda kufanya upya karatasi zangu wiki tatu zilizopita, afisa wa leseni pale polisi, kijana mwenye sauti ya taratibu, alizitazama zote tatu, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, siku hizi unawinda nini?"

"Siwindi kitu."

"Sasa bunduki tatu ni ya nini? Chagua moja. Hiyo ingine mbili peleka kwa duka ya bunduki wakuuzie. Lakini usikae sana, mwezi isiishe kabla hujarudi hapa."

Hakusema kwa ubaya. Nilitoka pale nikapanda baiskeli, nikafika nyumbani bila kukumbuka njia. Wewe ulikuwa unapiga pasi sare za shule ambazo hutazivaa tena, eti umpe binamu yako zikiwa safi. Uliniuliza wamesemaje. Nikakwambia, "Mambo ya serikali." Ukanitazama usoni, ukaona sitaki kusema, ukarudi kwenye pasi yako. Hilo la kunitazama usoni nitalirudia, ndilo lililonifanya nikae nikuandikie.

Mama yako aliposikia, hakuchukua hata dakika. "Uza zote tatu. Bunduki haipiki ugali." Baba yako mdogo Ogutu naye alikuja Jumapili baada ya kanisa, akala, akajifuta mdomo, ndipo akatoa hukumu. "Omera, ndugu yangu, wewe weka ile kubwa. Hizo zingine ni chuma tu. Ile kubwa ndiyo imekupa jina. Watu wa Dunga wakuite nani sasa, kama Risasi Mbili hana bunduki?"

Mimi kila jioni nikirudi kutoka karakana nilizishusha, nikazipaka mafuta, nikazitundika tena bila kuamua lolote. Mtu akiambiwa achague moja kati ya tatu, ndipo anagundua kwamba hajawahi kuzitazama moja moja.

Ile ya mitutu miwili unajua ilikotoka. Ilikuwa ya Bwana Lalji, aliyenifundisha kazi ya mashine mimi nikiwa kijana nisiyejua nati na boliti. Jumapili alikuwa akinichukua kwenye gari lake hadi mabwawa ya Kano, tunapiga bata, yeye anapiga na mimi nawafuata ndani ya maji hadi kiunoni. Yeye mwenyewe nyama alikuwa hali. Bata wote walikuja kwetu, na mama yako akimsifu kwamba ni Mhindi mwenye akili, anafanya kazi ya kuwinda ili sisi tule. Wahindi walipoanza kuondoka nchini, na yeye akaondoka kwenda Uingereza. Alinikabidhi bunduki ikiwa imefungwa kwa shuka, na karatasi zake zote zimeandikwa vizuri, akasema, "Fundi, hii usiweke na risasi ndani ya nyumba yenye mtoto." Alikuwa na wewe akilini.

Siku aliyopanda treni sikwenda kumsindikiza. Watu mjini walikuwa wakisema maneno, na mimi niliogopa kuonekana nimesimama stesheni nikilia kwa ajili ya Mhindi. Aliniandikia barua mbili. Ya kwanza nilisema nitajibu nikipata nafasi. Ya pili ilipofika niliona aibu kwamba sijajibu ya kwanza. Mama, ukichelewa kumjibu mtu, mjibu hivyo hivyo ukiwa umechelewa. Mimi sikufanya hivyo, na sasa sijui hata kama yuko hai. Kwa akili ya kawaida hiyo ndiyo bunduki ya kubaki nayo, kwa sababu ndege bado wanaruhusiwa kuwindwa, na ni bunduki nzuri kuliko zote. Nilikaribia sana kuichagua.

Ile ndogo niliipata kabla ya Uhuru, kwa ajili ya nguchiro waliokuwa wakimaliza kuku wa nyanya yako. Inabeba risasi moja tu. Ukishapiga, unafungua, unatoa ganda, unatafuta nyingine mfukoni, unaweka, unafunga, na kufikia hapo nguchiro ameshafika Ahero. Ulifundishwa kulenga kwa hiyo. Ulikuwa na miaka kumi, na kopo la mafuta ya kupikia likiwa juu ya kichuguu nyuma ya choo. Shangazi yako alipiga kelele kwamba msichana wa bunduki haolewi. Ulipiga kopo likaanguka, ukamgeukia ukamwuliza, "Hata akilipata kopo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwenye kitako chake bado kuna mstari uliokwaruza kwa msumari siku ile. Nilijifanya nimekasirika, lakini sikuupiga msasa.

Sasa ile kubwa.

Niliinunua kwa mzungu mmoja wa Koru aliyekuwa akifunga shamba, niliyekuwa nikimtengenezea trekta. Sikuwa na haja nayo. Nilitaka tu kuwa mtu mwenye bunduki ile. Miezi miwili ilikaa ukutani sijaipiga hata kwenye mti. Halafu viboko wakaingia kwenye mashamba ya Dunga, wakamaliza mahindi na mtama wa watu wiki baada ya wiki, na idara ya wanyama ikatoa kibali cha kuua kiboko mmoja. Mmoja, iliandikwa hivyo. Watu wakasema yuko fundi pale Nyamasaria ana bunduki ya kazi hiyo. Nilikwenda na wewe kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Ulikuwa na miaka saba, na nilikubebesha mfuko wa risasi ili watu waone.

Kila mtu huisimulia siku hiyo kwa namna yake. Mimi nimeisimulia mara nyingi kuliko wote, nawe umekuwa ukikaa pale pale ukisikiliza, hujaniingilia hata mara moja. Leo nataka kuisimulia kama ilivyokuwa.

Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia. Viboko walikuwa karibu na mafunjo, vichwa tu vinaonekana. Watu wamejaa ufuoni, akina mama na makarai yao tayari. Nikalenga aliye karibu, nikapiga. Bega liliniuma wiki nzima. Kiboko akazama, maji yakajifunga, na hakuna kilichotokea tena.

Mimi ni mtu wa Kano, si wa ziwani, tena ni mtu wa mashine. Nikigonga kitu nataka nione kimefanya nini. Mzee Odera, mvuvi aliyekuwa amesimama karibu nami, akaniambia kwa upole, "Ngoja, Fundi. Kiboko anaenda chini kwanza. Mpaka tumbo ijae hewa ndio anatoka. Saa saba, saa nane hivi. Sisi tunangoja tu." Kila mtoto wa Dunga alijua hivyo. Wamekuwa wakingoja hivyo tangu siku za mikuki. Huwezi kujua kama umempata au umemkosa mpaka ziwa lenyewe likuonyeshe, na katika muda huo kazi yako ni kukaa chini kama watu wengine.

Sikukaa. Nyuma yangu vijana walikuwa wanacheka. Mmoja akasema, "Amekosa huyu. Bunduki ni ya mzungu lakini macho ni ya Nyamasaria." Masikio yalinichoma. Wakati ule ule kichwa kikatokea, hatua kama arobaini kutoka pale. Nikainua bunduki.

Ukanivuta koti. Ukasema, "Baba, si yeye. Yule alikuwa na sikio limekatika. Yule wa kwanza bado yuko chini."

Mama, ulikuwa umeona sikio. Watu wazima zaidi ya hamsini walikuwa pale, na mtu aliyeshika bunduki alikuwa mimi, na aliyeona sikio ni wewe. Nami nikakwambia, "Nyamaza. Mtoto hamfundishi baba yake." Nikapiga.

Saa saba na kitu yule wa kwanza akapanda juu, ubavu wake unang'aa, sikio limekatika. Watu wakashangilia. Baadaye kidogo akapanda wa pili, na karibu naye kulikuwa na mtoto wake, anamzunguka na kumsukuma kwa pua. Nakumbuka mama mmoja aliliweka karai lake chini. Halafu mtu akasema nyama haitakwenda yenyewe, visu vikatoka, na kufikia jioni ufuo wote ulikuwa unanuka moshi na mafuta. Ndipo lile jina likazaliwa. Risasi Mbili, viboko wawili. Nilibebwa mabegani, na nikakubali kubebwa.

Siku iliyofuata tulirudi Dunga, na afisa wa wanyama akaja kukagua, akakuta mafuvu mawili. Nikamwambia wa pili alikuwa amewaendea watu kwenye mtumbwi, sikuwa na la kufanya. Alikuwa mtu mwangalifu. Alichuchumaa mbele yako akakuuliza, "Ni kweli, msichana? Alifuata mtumbwi?"

Ukanitazama usoni. Nilikutazama tu kwa yale macho ambayo watoto wangu mnayajua. Ukainamisha kichwa kukubali. Afisa akaandika, akafunga kitabu chake, akaenda zake.

Njiani kurudi nyumbani ulikaa nyuma ya baiskeli bila kusema kitu, wewe ambaye ulikuwa ukiuliza jina la kila ndege. Mama yako alipopika ile nyama ulisema tumbo linauma. Yule mtoto wa kiboko alionekana siku tatu, kisha hakuonekana tena. Nilijua, Mzee Odera aliniambia. Wewe sikukuambia.

Nilidhani utasahau. Lakini mwaka ule ule mwalimu wako wa darasa la kwanza aliniambia, "Anyango anajua majibu, ila hasemi mpaka anitazame kwanza." Nilicheka nikasema ni heshima. Mwalimu wa darasa la nne akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Na mwaka jana, jioni tulipokuuliza kama unataka ualimu au unataka kitu kingine, ulinitazama usoni muda mrefu, ukitafuta jibu langu ili ulitoe kama lako. Nikajigeuza nikatazama dirishani. Mama yako akadhani nimekasirika. Nilikuwa naogopa. Ulipoona hakuna uso wa kusoma ukasema "ualimu", kwa sauti ndogo, na mpaka leo sijui kama ni wewe uliyesema au ni ile desturi niliyokutia. Naomba iwe ni wewe. Kama si wewe, bado kuna nafasi ya kuniambia, na hutaniona nikibadilika uso.

Nimekuwa baba mwenye kelele na vichekesho, na kwa mambo mengi sijuti. Hili najuta. Nilichukua mtoto aliyeona vizuri kuliko watu wote wa ufuoni, nikamfundisha kutoyaamini macho yake. Nisamehe, Mama. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema na sikuipata.

Alhamisi, kabla ya kuamua habari za bunduki, nilitoka kazini mapema nikaenda Dunga. Nilitaka kusema pale pale nilipodanganya. Mzee Odera siku hizi haingii majini, anakaa kwenye mtumbwi uliogeuzwa akishona nyavu za wengine. Mama Pilista alikuwa karibu, anaanika visamaki vya omena. Wengine wakanisalimu, "Risasi Mbili," kama kawaida. Nikasimama, nimevua kofia kama mtu wa kanisani, nikawaambia: ile risasi ya pili haikuwa ya kulinda mtumbwi wowote. Nilidhani nimekosa. Niliona aibu mbele ya vijana nikaua mama mwenye mtoto, kisha nikadanganya.

Nilingoja wanizomee. Mama Pilista hakuacha hata kuanika.

"Baba Anyango, kwani unafikiri hiyo sisi hatukujua? Mtumbwi gani hiyo ilifuatwa, na mitumbwi yote ilikuwa hapa kwa mchanga?"

"Na mmekuwa mkiniita Risasi Mbili?"

"Tulikula nyama. Mtu akikupa nyama unamwita jina anapenda." Halafu akajinyoosha, akanitazama. "Hiyo ya kiboko sisi tulisamehe kitambo. Ile ilibaki kwa roho yangu ni vile ulinyamazisha mtoto. Alikuwa amesema vizuri sana. Mimi nilisikia. Na mimi pia nikanyamaza."

Mzee Odera akasema, bila kuinua macho kwenye nyavu, "Sote tulisikia."

Nilirudi nikisukuma baiskeli. Miaka yote hii nilidhani nimewaficha watu wa Dunga, kumbe niliyemficha ni wewe peke yako, kwa sababu hukujua kwamba walikusikia. Ndiyo maana nimekuandikia walivyosema, neno kwa neno.

Jana asubuhi nikazifunga zote tatu nikaenda mjini. Ile kubwa ndiyo iliyotangulia kutoka mkononi mwangu. Ya Bwana Lalji ilinitoa machozi, nasema wazi. Nimeibakiza ile shuka yake, na jioni hii nitajaribu kuandika barua kwenye anwani ya zamani.

Kisha nikapeleka ndogo kwa yule afisa kijana. Aliigeuza akacheka.

"Mzee, kati ya zote ukaacha hii? Hii ni ya mtoto."

"Ndiyo," nikamwambia, "ni ya mtoto."

Akauliza ya kazi gani, nikasema nguchiro, akaandika. Ogutu hatanisemesha mpaka Krismasi, na mama yako anasema nimeuza ng'ombe nikabaki na kuku. Waache. Hiyo bunduki nilikufundishia mambo ya kweli tu. Tena ikishapiga inanilazimisha kusimama kidogo na kutazama, jambo ambalo ile kubwa haikunitaka nilifanye. Itakuwa kwenye msumari wa katikati ukija likizo, na mstari wako upo.

Huko chuoni, na baadaye darasani, utakuwa na watoto mbele yako, na mmoja wao atakutazama usoni kabla ya kujibu. Utamjua mara moja kuliko mwalimu mwingine yeyote. Sina la kukufundisha juu ya huyo, wewe ndiwe utakayejua.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, anambishia mwenye mkokoteni, kwa hiyo sanduku limepatikana. Nitaiweka barua hii ndani yake, chini ya sare za chuo, uikute ukishafika. Kesho stesheni nitapiga mizaha kama kawaida yangu, usinidhanie vibaya. Ila kuna jambo nilipaswa kukujibu siku ile ufuoni, uliponivuta koti, nami nakujibu sasa.

Ndiyo, Mama. Yule wa kwanza alikuwa bado yuko chini.

Baba yako